Pale Muziki Unaposimama: Siku Saba Nairobi na Nota za Vugo

Jumatatu

Treni ya asubuhi imetoka Miritini kwa wakati wake. Nimekaa dirishani, na mapajani nina jalada la plastiki lenye kurasa 32 za nota. Kipande chenyewe ni cha dakika 11, cha fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, ya kupigwa umekaa). Nimekiandika kwa miaka miwili nikifuta na kurudia, na Jumamosi kitapigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo wa kanisa moja huko Parklands. Wapigaji ni vijana wanne wa Nairobi. Nota niliwatumia kwa simu; ana kwa ana hatujaonana.

Asili ya kipande ni vugo. Kwa asiyelijua, vugo ni pembe la nyati linalopigwa kwa kijiti, na mavugo ni ngoma ya wanawake wa pwani, ya harusini. Nyanya yangu, Mji wa Kale Mombasa, alikuwa na pembe lake jeusi, limelainika pale lilipozoea kiganja, na alilihifadhi ndani ya foronya. Sauti ya pembe ni kavu na fupi. Ukikosea, mtaa mzima umesikia. Nyanya alikuwa akigonga mbili, jirani yake tatu, katika muda uleule, na baina yao ukatoka mdundo wa tatu usiopigwa na yeyote. Nikiwa mtoto nilikuwa nageuka kutafuta nani anaupiga.

Nilipoanza kusomea muziki nilidhani kazi ya mtunzi ni kuichukua tuni ya nyanya na kuipangia sauti nne: soprano, alto, teno, besi. Nimeandika vya namna hiyo vingi. Vimeimbwa na kwaya za shule, vimepigiwa makofi, na kila mara nilitoka ukumbini nikihisi nimeacha kitu nyumbani.

Baina ya Voi na Mtito Andei nimeufikiria wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 walikaa watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakachukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, kutoka kule Mto Tana, wakautengeneza ukawa wimbo wa nchi. Naupenda, na kila ukipigwa nasisimka. Hata hivyo, mama wa Kipokomo aliuimba ameketi, mtoto kifuani, mkono wake ukipapasa mgongo mdogo taratibu. Sisi tunauimba tumesimama wima, mikono ubavuni. Tuni ilifika Nairobi salama. Ule mkono ulibaki Tana. Nadhani miaka yote hii mkono ndio ninaoutafuta.

Syokimau alasiri, na baridi yake. Nimepanda treni ndogo hadi mjini, kisha matatu hadi Ngara kwa binamu yangu. Chai ya tangawizi, kisha kulala.

Jumanne

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Kaloleni, katika zile nyumba za mawe zenye vigae, anakaa mzee mmoja mpigaji wa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, ambaye rafiki yangu alinielekeza kwake. Nimemkuta uani, kivuli cha mwembe, amevaa sweta ya kijani na miguu mitupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, nyar Mombasa." Yaani binti wa Mombasa. Ndilo jina nililokaa nalo hadi jioni.

Nilikuwa nimeisikia nyatiti mara nyingi kwenye redio, lakini redio haikuonyeshi mguu. Chombo ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, lina mikono miwili na mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki, na mzee anasema nailoni haimsumbui mvua ikinyesha. Anakaa kwenye kigoda kifupi sana, karibu usawa wa ardhi, na nyatiti imelala ubavu mbele yake. Kisha anavaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Pete hiyo huitwa oduong'. Kifundoni anafunga gara, njuga za chuma. Vidole vya mikono vikiwa kwenye nyuzi, kile kidole cha mguu kinagonga ukingo wa bakuli.

Nilikaa mkekani, macho yangu kwenye kidole hicho. Ukucha wake umepasuka katikati. Kinanyanyuka kidogo tu, kama upana wa sarafu, kinashuka. Mikono ilikuwa ikienda kwa tatu, kidole kwa mbili, na nilipojaribu kuhesabu sauti yake ya kuimba nikaona haiko kwa mbili wala kwa tatu; inaingia pale inapoona nafasi. Nilihisi nywele za mkononi zinasimama. Umbali wa Mombasa hadi Kaloleni, pembe na nyatiti havijawahi kukutana, na mlango wa kuingilia ni uleule.

Nikamwomba apige mguu peke yake, niuandike. Akajaribu, akapoteza, akaacha.

"Huu hauna peke yake," akaniambia. "Ukiutoa kwa mikono unakuwa mguu unaotetemeka tu."

Baadaye akaja jirani, bwana wa makamo aliyekuwa akitoka kazini. Akasimama mlangoni akisikiliza. Katikati ya mstari, si mwisho, akanyanyua mkono, akatembea hadi kwa mzee, akaweka noti ya shilingi mia juu ya ngozi ya nyatiti. Vidole vikatua kwenye nyuzi, vikazizima. Jirani akaanza kujisifu: kwao ni wapi, mama yake ametoka kwa akina nani, shemeji zake wana ng'ombe wangapi. Watoto wakacheka, mama mmoja dirishani akamjibu. Hii ndiyo pakruok. Msikilizaji anaununua ukimya, kisha anaujaza kwa jina lake. Alipomaliza, mzee akarudi kwenye mstari pale alipouachia, hata silabi haikupotea.

Nikamuuliza amejuaje pa kurudi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe hukusikia mguu?"

Sikuusikia. Wakati wote jirani akizungumza, kidole kilikuwa kinaendelea kugonga, polepole, karibu kimya. Muziki haukuwa umesimama. Ulikuwa umempisha mtu.

Nimerudi Ngara nikiwaza harusi za kwetu. Taarabu ikikolea, mwanamke anainuka kwenye kiti chake, anakwenda akicheza hadi mbele kumtunza mwimbaji, na anayemtunza wakati wa ubeti fulani anajua anamwambia nani ubeti huo. Wimbo mmoja unaweza kwenda nusu saa kwa sababu ya wanaoinuka. Mimi nimeandika dakika 11 ambazo watu watazisikiliza wamefumbata mikono, wakingoja mwisho ndipo wapige makofi. Nilichukua mdundo wa nyanya, nikawaacha nje watu wake.

Usiku huu nimechagua mahali pawili kwenye kipande, kila pamoja nimetoa bari nne, yaani vipimo vinne vya mdundo, na kuacha nafasi wazi. Fidla mbili na viola zinanyamaza. Mpigaji wa chelo anagonga ubavu wa chombo kwa vifundo vya vidole, pole, mbili kwa mbili. Juu ya karatasi nimeandika: *Hapa mtu anaweza kuingia.*

Jumatano

Mazoezi ya kwanza. Chumba tulichoahidiwa kilikuwa kimepewa watu wengine, na hakuna aliyetuambia. Mlinzi wa jengo akatufungulia stoo ya viti. Tukapiga humo, viti vimepandana hadi darini. Mwangwi haukuwemo kabisa, na kwa muziki wa pembe hilo ni jema.

Vijana wanasoma nota kwa kasi inayotia raha. Dada wa viola aliniambia alianzia kwaya ya kanisa Kisumu, kwa sol-fa (do, re, mi) ubaoni, staff, yaani nota za mistari mitano, akaikuta akiwa na miaka 15. Sauti zao safi. Ila mbili na tatu zao zilikuwa kama watu wawili wanaopita ngazi moja bila kusalimiana. Kila mmoja alikuwa anahesabu lake, kwa usahihi, na ule mdundo wa tatu haukutokea.

Tukakwama zaidi kwenye ukurasa wa 9. Hapo fidla ya kwanza inapiga mstari ambao chini ya nota nimeandika maneno, ingawa hakuna anayeimba. Ni utani wa harusini nilioutunga kwa mtindo wa nyanya: *bwana harusi mzuri, walakini mkimya*. Kijana akaupiga kwa upinde mzuri, mzito kwenye KI. Nikamsimamisha. Mswahili akisema walakini kwa mkazo kwenye LA, maana yake ni "lakini". Mkazo ukihamia kwenye KI, walakini ni dosari. Yeye amempiga bwana harusi kilema bila kujua. Ni kama barabara ya kupita magari na barabara ya kusema sawasawa; herufi zilezile, mkazo tofauti. Nikawaambia waweke vyombo chini, tuuseme mstari kwa mdomo mara kumi, kisha tuupige. Mara ya kwanza baada ya hapo, fidla ilizungumza. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akauliza, "Huyo mkimya ni nani?" Ilibidi nikae chini, kwa furaha.

Mambo haya wenzetu wa Ghana waliyapigania zamani. Mtunzi Ephraim Amu aliona kwamba tenzi za Ulaya zikitiwa maneno ya Kitwi, tuni inapanda pale neno linaposhuka, na maana inaharibika. Akatunga upya, tuni ifuate kinywa. Alihubiri amevaa vazi la kwao badala ya suti, na mwaka 1933 akaondolewa kazini kwenye chuo cha ualimu cha Akropong. Kila nikichoka kubishana juu ya mkazo wa neno moja, namkumbuka.

Kuhusu nafasi wazi, dada wa viola ndiye aliyekataa waziwazi.

"Mwalimu, ni bari ngapi?"

"Hazina hesabu."

"Basi tutajuaje pa kuingia?"

Nikamjibu alivyonijibu mzee, kwamba asikilize mguu. Hakuridhika. Akaandika kwa penseli kwenye karatasi yake: 8?

Alhamisi

Wapigaji wana kazi zao, kwa hiyo leo nimetembea. Harry Thuku Road, Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uliofunguliwa 1952, na jirani yake Kenya Conservatoire of Music, ya tangu 1944. Nimesimama nje ya dirisha moja nikisikiliza mtoto akipiga skeli kwenye piano, anakosea palepale kila mara, anarudi.

Mchana nimekula ugali na sukuma na mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Nimemwonyesha zile kurasa. Hakuzipenda zile nafasi, na hakunificha.

"Ukumbi wa tamasha una adabu yake," alisema. "Watu wa Nairobi wakikaa kwenye viti vilivyopangwa safu, hawainuki. Utapata ukimya tu, na wapigaji wako wataaibika. Andika ukimya wenyewe basi, kwa hesabu."

Tukabishana hadi chai. Yeye ni wa kizazi kilichosoma kwamba muziki wa Afrika unaweza kusimama kwenye karatasi kwa heshima sawa na wowote, na walilazimika kulithibitisha hilo kwa karatasi safi. Nilimkumbusha mtunzi Akin Euba wa Nigeria, aliyefariki 2020. Euba alizungumzia upigaji piano wa Kiafrika: piano yenyewe ipigwe kwa akili ya mpiga ngoma na marimba, vidole vipokezane, midundo ipishane. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana naye akaandika vipande vya kufundishia kwa fikra hiyo. Hapo jirani Uganda, Justinian Tamusuza aliandika kwateti ya nyuzi, yaani kipande cha wapigaji wanne kama changu, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, na sehemu yake ya kwanza ikarekodiwa na Kronos Quartet wa Marekani kwenye albamu ya 1992. Niliisikia mara ya kwanza kwa mkopo wa kaseti, na nilichoshangaa ni kwamba sikuweza kuonyesha "tuni ya Kiganda" ndani yake kwa kidole. Uganda yenyewe iko kwenye namna nyuzi zinavyopokezana.

"Hao wote," mwalimu akasema, "waliandika kila kitu."

Ni kweli. Sikuwa na jibu, na sijalipata bado. Alilipa yeye chakula, akakataa kata kata nilipotoa pesa.

Ijumaa

Mazoezi ya pili, stoo ileile. Safari hii tumeiomba wenyewe.

Nilianza kwa kuwavua viatu. Fidla ya kwanza na viola wapige mguu sakafuni kwa mbili huku mikono inapiga tatu; fidla ya pili na chelo kinyume chake. Saa nzima hatukugusa kitu kingine. Nilijaribu kumfunga chelo njuga kifundoni, zikafunika kila sauti, nikazifungua. Dakika ya arobaini hivi kukatokea jambo. Fidla ya pili aliacha kuangalia karatasi. Macho yake yakaenda kwenye mguu wa viola, na viola naye akamtazama, na ule mdundo wa tatu ukaingia stoo. Sote tuliusikia. Chelo akageuza kichwa nyuma, kwenye viti, kutafuta nani anapiga. Nilitazama kando ili wasione macho yangu.

Zile nafasi tumezijaribu mara nne. Chelo anagonga, wengine wanangoja, mimi nakohoa kuashiria kwamba mtu amemaliza. Viola bado anahesabu hadi nane; naona midomo yake.

Mzee wa Kaloleni amepiga simu. Kesho hawezi kuja, ana matanga Siaya, anasafiri na basi la usiku. Nimemuuliza kama ameudhika kwamba nimechukua kitu chake. Akanyamaza kidogo. "Mguu wenyewe hukuchukua," akasema. "Umechukua kungoja. Kungoja si kwangu." Jina lake litasomwa ukumbini pamoja na la nyanya kabla kipande hakijaanza, hilo nilimwahidi na alikubali. Sehemu ya malipo yangu nimemtumia kwa simu leo. Tunawapigia makofi sana watunzi wanaochota mila, na wenye kisima tunawasahau mlangoni.

Jumamosi

Saa kumi alasiri. Watu kama sabini, mvua ilikuwa imenyesha, mwavuli kila kiti. Tulikuwa wa tatu kwenye programu, baada ya kwaya iliyoimba vizuri sana.

Mwanzo ulikwenda kama nilivyouota. Walakini ya ukurasa wa 9 ilitoka sawa, na mama mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia.

Nafasi ya kwanza. Fidla zikanyamaza, viola akashusha upinde. Chelo akaanza kugonga ubavu. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, viganja vimelowa. Hakuna aliyeinuka. Mtu alifungua pipi. Vile vifundo viligonga na kugonga, na ukumbi wote ulikaa kwa adabu kama alivyosema mwalimu wangu, aliyekuwa safu ya mbele, kichwa amekiinamisha. Mwishowe viola akaingia. Nilijua amehesabu: nane.

Wakaendelea. Sehemu ya kati, ile ya nyanya akimfunika bibi harusi kanga, ilikuwa polepole kuliko mazoezini na nzuri zaidi. Kisha nafasi ya pili.

Chelo akagonga. Nikaona midomo ya viola inaanza: moja, mbili, tatu. Kwenye tano ikasimama. Akakaa hivyo, upinde umeelekea sakafuni, chelo akigonga, na nane ikapita, kumi na sita ikapita. Fidla ya kwanza akamtazama kwa hofu. Kisha dada yule, bila kuinuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejitambulisha mlangoni kwa watu:

"An nyar Alego."

Ukimya. Kisha kwa Kiswahili: mimi binti wa Alego, nyanya yangu alilima mihogo peke yake akamsomesha mama yangu, mama yangu akaninunulia viola hii kwa pesa za chama, na leo iko hapa mnaisikia.

Mzee mmoja kutoka upande wa dirisha akajibu kwa Kijaluo, neno moja refu. Watu wakacheka. Mahali fulani nyuma, yule mama aliyejizuia mwanzo akapiga kigelegele kirefu cha pwani. Chelo hakuacha kugonga. Viola akanyanyua upinde akaingia pale palepale, na wenzake pamoja naye.

Jumapili

Treni ya kurudi. Jana usiku, tukikusanya vyombo, nilimuuliza dada wa viola kwa nini aliacha kuhesabu kwenye tano. Akasema aliusikia mguu.

Tumepita Emali. Nimefungua ukurasa wa 24 na kufuta *mtu anaweza kuingia*. Nimeandika badala yake: *Chelo agonge mpaka mtu aseme ametoka wapi. Kama ukumbi umenyamaza, aseme mmoja wa wapigaji. Mwingine aingie akimaliza.* Penseli imevunjika ncha nikiandika neno la mwisho, na abiria wa jirani, mama wa Kikamba mwenye kikapu cha maembe, amenipa kisu chake niichonge.